Swali Bila Kifungu ni Fumbo, Si Mtihani

Leo nataka kugombana na watu wa kazi yangu mwenyewe. Nasema na sisi tunaoandika programu za mitihani, zile zinazopelekwa shuleni kila muhula kwa maneno matamu: benki ya maelfu ya maswali, yanajisahihisha yenyewe, yanachanganywa ili watoto wasichunguliane. Nyingi kati ya hizi nilizozifungua zina ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe hauonekani kwenye skrini kwa sababu uko chini kabisa, kwenye hifadhidata. Programu hizi zinaamini kwamba mtihani ni rundo la maswali. Swali moja, majibu manne, herufi ya jibu sahihi, mstari mmoja wa jedwali. Ukitaka mtihani wa maswali hamsini, unachota mistari hamsini. Kazi imekwisha, leta malipo.

Si kweli, ndugu zangu. Mtihani wetu hapa Kenya haujawahi kuwa rundo la maswali. Hebu tufanye hesabu.

HESABU YA KARATASI TULIYOIFANYA SOTE

Chukua karatasi ya Kiswahili ya KCPE, mtihani ulioanza mwaka 1985 na kufanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Sehemu ya lugha ilikuwa na maswali 50. Sisi tulioifanya tunaikumbuka hata usingizini: swali la 1 hadi la 15 ni nafasi za kujaza ndani ya vifungu. La 16 hadi la 30 ni sarufi na msamiati, kila swali linajisimamia. La 31 hadi la 40 yanatoka katika kifungu cha kwanza cha ufahamu, na la 41 hadi la 50 katika kifungu cha pili.

Jumlisha: 15, ongeza 10, ongeza 10. Maswali 35 kati ya 50 hayana maana yoyote ukiondoa maandishi yaliyo juu yake. Hiyo ni asilimia 70 ya karatasi nzima!

Usidhani ni Kiswahili peke yake. Karatasi ya Jamii ilikuwa ikifunguliwa na ramani ya eneo la kubuni, kisha maswali kadhaa juu ya ramani hiyo hiyo. Ukifika KCSE, Kiswahili karatasi ya pili ina alama 80, na 30 kati ya hizo ni ufahamu na ufupisho. Jiografia ina ramani ya kipimo cha 1:50,000, na bila karatasi ya ramani mkononi swali zima ni maji ya moto. Kemia ina jedwali la matokeo ya jaribio, kisha (a), (b), (c) na (d) zote zinarudi kwenye jedwali lile lile.

Kifungu, ramani, grafu, jedwali, picha, mazungumzo ya kusikilizwa: hivi vyote nitaviita CHANZO. Chanzo pamoja na maswali yake nitaviita KITITA. Hayo ndiyo maneno mawili ya leo, na hoja yangu yote inaingia katika sentensi moja: kitu kidogo kabisa ambacho programu ya mtihani inaruhusiwa kuchota ni kitita. Swali linalojisimamia nalo ni kitita, ila ni kitita cha mtu mmoja.

KARATASI ILIJUA, SISI TUMESAHAU

Kwa nini jambo hili halikuwa tatizo zamani? Kwa sababu karatasi ilifanya kazi ambayo hakuna aliyeilipia. Kifungu kimechapishwa hapa, maswali yako chini yake, juu kuna agizo moja linalosema maswali kutoka hili hadi lile yajibiwe kwa kifungu hiki. Uhusiano kati ya chanzo na maswali uliwekwa na UJIRANI. Hakuna aliyeuandika mahali popote, ila kila mtoto aliuona.

Kisha tukaja sisi na vishikwambi. Tukawapa vijana karatasi za miaka iliyopita wazichape kwenye jedwali la Excel: safu ya swali, safu za A, B, C na D, safu ya jibu. Excel haina safu ya ujirani. Kijana anayelipwa kwa idadi ya maswali anachapa swali la 33, anachapa la 34, anasonga mbele. Kifungu? Hakuna mahali pake, basi kikaachwa, au kikatiwa ndani ya swali la 31 peke yake kwa sababu ndilo la kwanza. Siku programu inapochanganya maswali, la 31 linaenda na kifungu chake upande mmoja, na wadogo zake tisa wanabaki mayatima.

Nimeona matokeo yake kwa macho yangu huku kwetu Ruiri. Shule moja ilinunua programu ya kampuni ambayo jina lake nitalihifadhi. Mwalimu akaomba zoezi la maswali 20 ya ufahamu. Mtoto akawasha kishikwambi na swali la kwanza likawa: Kwa nini mzee alikataa kuvuka? Mzee gani? Kuvuka nini, mto au barabara? Swali la pili likauliza neno "huyo" katika aya ya tatu linamrejelea nani. Aya ya tatu ya nini? Watoto wakainua mikono darasa zima. Mwalimu, maskini, hakuwa na kifungu pia, kwa hiyo akawaambia wakisie tu. Wakakisia.

Programu ikasahihisha. Haikuona aibu. Ikatoa asilimia, ikachora grafu ya rangi nyekundu na kijani, ikaandika kwamba darasa hilo lina "udhaifu katika ufahamu". Wazazi wakaonyeshwa. Niambieni, hapo dhaifu ni nani? Mtoto anayesoma vizuri kabisa anaambiwa hajui kusoma, na anayemwambia ni mashine ambayo haikumpa chochote cha kusoma.

VISINGIZIO VINNE

Nimeyaleta haya kwa watengenezaji kadhaa, na majibu yao nayajua kwa moyo. Tuyachukue moja moja.

Kisingizio cha kwanza: "Tutabandika kifungu ndani ya kila swali." Sasa una nakala kumi za kifungu kimoja. Mwalimu anagundua kosa la tahajia katika aya ya pili, anarekebisha katika swali la 31, na nakala tisa zinabaki na kosa. Baada ya mwaka mmoja huna kifungu kimoja tena. Una vifungu kumi vinavyofanana kama mapacha, na hakuna anayejua kipi ndicho sahihi. Kwa maandishi matupu uzito si mkubwa, lakini weka ramani. Tuseme picha ya ramani ni kilobaiti 300 na ina maswali saba: umeituma mara saba, zaidi ya megabaiti mbili kwa picha moja, kwa shule inayonunua bando kwa pesa za wazazi. Tena mtoto asiyeona, anayetumia programu ya kusoma kwa sauti, atasomewa kifungu kizima mara kumi. Huo ni unyanyasaji.

Kisingizio cha pili: "Tutaweka kifungu na maswali kumi yote kama swali moja kubwa." Hii ni nafuu, walau hawatengani. Lakini umeyaua maswali. Huwezi kujua swali la 36 lilikuwa gumu kiasi gani, kwa sababu mfumo unaona alama moja tu, 7 kati ya 10. Mwalimu mwenye kipindi cha dakika 35 anayetaka maswali matano tu hawezi. Akitaka kuongeza swali lake mwenyewe juu ya kifungu hicho, inabidi anakili kitu kizima, na tumerudi kwenye mapacha.

Kisingizio cha tatu: "Tutapiga picha ukurasa mzima." Picha haiongezwi herufi kwa mwenye macho dhaifu, haitafutwi, haisomwi kwa sauti, haisahihishwi. Umechukua maandishi na kuyageuza jiwe.

Kisingizio cha nne ndicho kinachoniudhi kuliko vyote: "Walimu hawajalalamika." Mwalimu analalamika kwa nani? Aliyenunua ni bodi ya shule, aliyeuza ameshaondoka na gari lake, na namba ya huduma kwa wateja haipokelewi. Ukimya wa mwalimu si cheti cha ubora.

WENZETU WALISHAJUA ZAMANI

Hili si jambo jipya linalosubiri fikra za mtu wa Meru. Mwaka 1987 Howard Wainer na Gerard Kiely waliandika makala katika Journal of Educational Measurement kuhusu mitihani ya kompyuta inayomchagulia mtahiniwa maswali kulingana na uwezo wake. Walipendekeza kwamba kompyuta ichague vikundi vya maswali vilivyopangwa pamoja badala ya kuokota swali moja moja. Mwaka 1987! Wengi wetu tunaoandika programu hizi hatukuwa tumezaliwa. Mtihani wa kimataifa wa PISA tangu ulipoanza mwaka 2000 hupangwa kwa namna hiyo hiyo: chanzo kimoja, maswali kadhaa chini yake, na vyote vinasafiri pamoja.

Upande wa ufundi, kuna kiwango kinachoitwa QTI, lugha ya pamoja ya kubebea maswali kutoka programu moja hadi nyingine. Toleo lake la 3 lilitoka mwaka 2022. Ndani yake chanzo kina faili yake ya pekee, na kila swali linabeba kiungo kinachoelekea kwenye faili hiyo. Hata matoleo ya awali yalikuwa na sifa ya sehemu ya mtihani inayosema: ukichanganya maswali, hawa wabaki pamoja. Mtu alikaa chini akaliwazia jambo hili, akaliandika, akalitoa bure. Sisi hatujasoma hata ukurasa wa kwanza.

Sitaki mseme nawasifu wageni tu. Moodle, ambayo vyuo vikuu vyetu vingi hutumia, imelegea hapa miaka mingi. Ina kipengele cha "maelezo" unachoweza kuweka juu ya maswali, na ina swali la kujaza nafasi ndani ya maandishi. Lakini ukiiambia ichote maswali kwa bahati nasibu kutoka kategoria, inachota swali moja moja. Kwa hiyo hata mradi mkubwa wenye watu werevu unaweza kuishi na kasoro hii. Tofauti ni kwamba Moodle ni programu huria: msimbo uko wazi, ukiudhika unaweza kuurekebisha. Hii yetu ya kununua unaudhika na kulipa.

KITITA KINAJENGWAJE

Mtu atasema ni rahisi kulaumu. Haya, mpango ni huu, na mwanafunzi wa mwaka wa pili wa sayansi ya kompyuta anaweza kuuandika wiki hii.

1. Jedwali la vyanzo. Kila chanzo kina namba yake, maandishi au faili yake, lugha, kiwango cha darasa, mwenye hakimiliki na ruhusa ya kukitumia. Hakimiliki inakaa HAPA, mara moja. Kifungu kilichotolewa gazetini kina mwenyewe. Siku akikataa unazima chanzo kimoja na maswali yote kumi yanalala pamoja nacho.

2. Jedwali la maswali. Kila swali lina safu moja ya ziada: namba ya chanzo chake. Ikiwa tupu, swali linajisimamia. Safu moja tu, jamani! Ndiyo iliyokosekana siku zote hizi.

3. Kuchota. Programu inachota chanzo kwanza, kisha maswali ndani yake. Mwalimu anaweza kusema "nipe kifungu kimoja na maswali matano kati ya kumi".

4. Kuchanganya. Changanya vitita kati yao ukitaka, changanya maswali ndani ya kitita ukitaka, lakini usivuke mpaka. Na uwe na alama ya kuzuia hata kuchanganya ndani, maana nafasi za kujaza 1 hadi 15 zina mpangilio wake. Nafasi ya 4 haiwezi kutangulia ya 2.

5. Maadui. Ndani ya kitita kimoja, swali moja linaweza kutoboa siri ya jingine. Swali la 32 linasema "baada ya daraja kuvunjika", na la 38 linauliza ni nini kilichovunjika. Weka jedwali dogo la jozi zisizoruhusiwa kukutana.

6. Matoleo. Kifungu kikirekebishwa, toleo la zamani lisifutwe. Matokeo ya muhula uliopita yanabaki yakielekeza kwenye kile ambacho watoto walikisoma kweli. Na kila swali la kifungu hicho liwekwe alama "likaguliwe", kwa sababu ukifuta sentensi moja huenda umelifuta jibu la swali la 37.

7. Skrini. Kifungu na swali vionekane pamoja. Kwenye kishikwambi viwekwe ubavu kwa ubavu. Kwenye simu kuwe na kitufe kimoja cha kwenda na kurudi, na mtoto akirudi akute pale alipoachia. Aya zipewe namba, maana "mstari wa 12" wa kwenye karatasi si mstari wa 12 kwenye skrini ya inchi tano.

Hayo tu. Hakuna akili bandia hapo wala seva ya mamilioni.

HAPA NDIPO PENYE UZITO

Msomaji anaweza kuona kwamba nimepiga kelele kwa ajili ya safu moja ya jedwali. Basi tuangalie safu hiyo inabeba nini.

Kwanza, maswali kumi ya kifungu kimoja si mashahidi kumi. Ni mashahidi waliolala nyumba moja. Mtoto aliyekielewa kifungu vibaya atakosa mengi kwa mpigo, na aliyewahi kukisia hadithi hiyo atapata mengi kwa mpigo. Programu inayohesabu kila swali peke yake inajidanganya kwamba ina ushahidi mara kumi, na inatangaza matokeo kwa uhakika ambao haina. Ukijua maswali gani ni ndugu, unaweza kuhesabu kwa haki. Usipojua, huwezi hata kuanza.

Pili, upendeleo. Tuseme kifungu kinahusu kupanda mazao ya mvua haba na kugombania maji ya mfereji. Mtoto wa Ruiri atasoma akitikisa kichwa, anayajua hayo nyumbani. Mpe kifungu cha madau, matanga na maji kujaa na kupwa, na mwenzake wa Lamu ndiye atakayetabasamu. Hakuna ubaya kuwa na vifungu vyote viwili, lugha yetu ni ya bara na pwani. Lakini swali moja likipendelea eneo, ni alama moja imepotea. Chanzo kikipendelea, ni alama kumi. Upendeleo huo unaonekana tu ukiyakusanya matokeo kwa chanzo. Ukiwa na mistari iliyotawanyika utaona maswali kumi "magumu kidogo" na hutajua kwamba yote yana baba mmoja.

Tatu, kutumika kupita kiasi. Watu wanahesabu swali limetumika mara ngapi. Lakini mtoto aliyepewa maswali matano ya kifungu muhula wa kwanza ameshakisoma KIFUNGU. Ukimletea yale matano mengine muhula wa pili, kwa mfumo wako ni maswali mapya, kwake ni hadithi anayoijua. Hesabu ya kutumika lazima ikae kwenye chanzo.

Na kwa nini sasa? Kwa sababu mtaala umebadilika na uzito umeongezeka. KPSEA ya Gredi ya 6 ilifanywa mara ya kwanza mwaka 2022, na KJSEA ya Gredi ya 9 mara ya kwanza mwaka 2025. Katika kumpanga mtoto kwenda sekondari pevu, KJSEA ina asilimia 60, KPSEA 20, na tathmini za shuleni 20. Hapo zamani zoezi baya la darasani lilikuwa hasara ya siku moja. Leo kinachofanyika shuleni kinahesabiwa. Tena mtaala huu wa umilisi unapenda visa: soma hali hii, tazama jedwali hili, kisha fanya uamuzi. Maana yake vyanzo vinaongezeka. Anayeingia wakati huu na programu isiyojua chanzo ni nini anauza mwavuli wenye tundu mwezi wa Aprili.

KWA MWALIMU NA BODI

Wewe unayeletewa muuzaji mwenye tai na kompyuta inayong'aa, usimuulize ana maswali mangapi. Muulize haya:

- Nionyeshe kifungu kimoja chenye maswali kumi. Sasa changanya mtihani mara tatu. Je, bado wako pamoja?
- Nipe maswali matano tu ya kifungu hicho.
- Badilisha neno moja katika kifungu. Je, limebadilika kwa maswali yote?
- Fungua kwenye simu ndogo. Je, mtoto anaweza kuona kifungu akiwa kwenye swali la nane bila kupoteza jibu lake?
- Nikihama programu yenu, nitaondoka na maswali yangu yakiwa na vifungu vyake, au mtanipa Excel?

Dakika kumi zinatosha. Akianza kusema hilo litakuja katika toleo lijalo, mpe chai, mshukuru, mwambie na wewe malipo yatakuja katika toleo lijalo.

Na kwenu wenzangu wa ufundi: usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu unajengwa kwa migongo ya watoto. Fungueni hifadhidata zenu leo. Tafuteni maswali yote yenye maneno "aya", "kifungu", "ramani" na "kulingana na". Hesabuni ni mangapi yaliyo yatima. Kisha yapeni wazazi wao kabla hamjauza leseni nyingine hata moja.